Visu Vipya vya Lufita

Kila asubuhi, kabla hajaiwasha mashine yake ya kukatia nyasi, Otmari Kalinga alichana ukanda wa karatasi wenye upana wa kidole, akauchomeka kati ya silinda ya visu na kisu cha chini, kisha akaizungusha silinda kwa mkono, polepole. Visu vikiwa vikali, karatasi hukatika na kuanguka bila sauti. Vikiwa butu, hujikunja na kubanwa katikati ya vyuma, na ukiivuta inatoka imetafunwa. Ndicho kipimo alichofundishwa siku yake ya kwanza kazini, miaka thelathini na moja iliyopita, na hakuna chombo cha kisasa kilichowahi kumshawishi akiache. Shida ilikuwa karatasi yenyewe, kwa maana siku hizi huipati hata mjini. Alikwisha kumaliza madaftari yake yote ya shule ya msingi, na sasa alikuwa anachana ya dada yake Vaileti, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba kila ukanda ulimtia haya kidogo.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo karatasi ilijikunja. Ilijikunja Jumapili, na Jumamosi pia. Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu visu vinolewe, na visu vingine ghalani havikuwepo, au ndivyo alivyoambiwa.

Akaisukuma mashine hadi grini ya saba. Grini ni kile kiwanja kidogo cha mviringo chenye shimo na bendera, mahali ambapo mpira wa gofu unamalizia safari yake, na nyasi yake hukatwa hadi milimita tatu ili mpira uteleze bila kuyumba. Jana alikuwa amekata mashariki kwenda magharibi, basi leo alikata kusini kwenda kaskazini, maana nyasi ikikatwa kwa njia moja kila siku hulala upande mmoja na kuusukuma mpira. Miaka kumi nyuma waliletwa roboti wakafanya kazi hiyo kwa miezi mitano. Walipita mle mle kila siku, kwa mwendo ule ule, mpaka grini zikaota mawimbi kama bati la nyumba, na ukingo waliokuwa wanageuzia ukabaki udongo mtupu. Roboti wakarudishwa walikotoka, Otmari akarudishiwa mashine yake ya kusukuma, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia kwamba zama zake zimepita.

Alipomaliza mistari mitatu aligeuka kuitazama kazi yake, na moyo ukamwuma. Ncha za majani zilikuwa nyeupe. Hazikukatwa, zilichanwa, na vipande vilivyotoka vililala juu ya grini katika mabonge badala ya kutawanyika. Harufu ikapanda puani, ile harufu tamu ya nyasi mbichi ambayo wageni wanaipenda hata wanapiga picha wakiivuta kwa macho yaliyofumbwa. Kwenye mlingoti wa bendera, pua ilianza kuhesabu. Waliiita pua, kile kisanduku cheupe kinachonusa hewa na kuandika namba, kwa sababu hakuna aliyewahi kulikumbuka jina lake halisi. Ilisema mia moja na arobaini, ikapanda hadi mia mbili na kumi na mbili, ikatulia hapo.

Nyasi hiyo haikuumbwa na Mungu, au tuseme Mungu alisaidiwa. Wakati wa ile miaka ya ukame, serikali ilipotaka kuzima mabomba ya viwanja vyote vya gofu, Kampuni yenye kiwanja hiki ilileta mbegu mpya kutoka maabara yake ikaiita Zulia. Kila nyasi ikikatwa hutoa harufu ya kuyaonya majani jirani kwamba kuna adui. Hilo lilijulikana tangu zamani. Zulia ilifundishwa kupiga yowe. Mmea wowote ulioisikia harufu yake ulifunga vitundu vya majani yake, ukaacha kunywa, ukaacha kukua, ukajikunyata kungoja adui apite. Magugu yakajikunyata, miti ya pembeni ikajikunyata, nayo Zulia ikabaki na maji yote peke yake. Kampuni iliandika kwamba yowe hilo halivuki hatua kumi. Pengine ni kweli kule maabara, ambako hakuna kilima wala ukungu wa asubuhi, wala hewa baridi inayoteremka bondeni kila siku kabla jua halijapata nguvu.

Chini ya kilima, katika Bonde la Lufita, kaya arobaini zililima mahindi. Misimu mitatu mfululizo mahindi yalirefuka, yakapendeza, yakatoa mbelewele, kisha yakazaa magunzi. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi. Hawakuishi wakaona nyasi zikiwaumiza watu.

Otmari alijua. Hakuna mtu aliyejua zaidi yake. Alikuwa akizitazama namba za pua kila asubuhi na ukungu unavyozibeba kwenda chini, kwenye paa la bati la dada yake, na kila asubuhi alijiambia kwamba yeye ni mkata nyasi tu.

*

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Ingia, lakini futa miguu kwanza. Usiniletee nyasi zenu humu ndani."

Vaileti Kalinga alikuwa na miaka sitini na minne, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bonde kwa sababu kila mtu mwingine aliuogopa ulimi wake. Alimkaribisha mdogo wake kigoda karibu na jiko, akammiminia ulanzi, pombe ya mianzi, akaketi kumtazama akinywa. Juu ya jiko lilining'inia gunzi la msimu uliopita, jeusi kwa moshi. Lilikuwa na punje saba.

"Mkaguzi anakuja Jumatano," alisema. "Miaka mitatu tumeandika barua. Sasa anakuja."

"Nimesikia. Juu huko wamekwisha kupiga rangi vyoo."

"Mkaguzi anayetuma salamu kabla ya kufika si mkaguzi, ni mgeni. Lakini ndiye tuliyepewa. Nieleze atafanya nini."

Otmari akamweleza. Mtu wa Mamlaka ya serikali atatembea grini zote kumi na nane siku moja, nyuma ya mashine, akisoma namba za pua. Atazijumlisha na kutafuta wastani. Wastani ukizidi arobaini, Zulia inang'olewa ndani ya miezi mitatu na kiwanja kinarudishiwa nyasi ya kawaida. Usipozidi, Kampuni inapata kibali cha miaka ishirini, na hakuna malalamiko yatakayopokelewa tena mpaka kibali kiishe.

"Na kile kilima cha pili?"

"Kibali kikitoka wanapanda kule pia."

Vaileti akasukuma kuni jikoni. Kilima cha pili kilikuwa ng'ambo ya bonde. Yowe lingeshuka pande zote mbili.

"Siku za kawaida hizo pua zinasema ngapi?"

"Mia na themanini. Mia mbili. Leo mia mbili na kumi na mbili."

"Basi tumeshinda!"

"Hatujashinda, dada." Otmari aliweka kikombe chini. "Kisu butu kinachana jani, na jani likichanika linalia kutwa. Likikatwa kwa kisu kikali linalia kidogo, kisha linanyamaza. Nikifunga visu vipya, nikaingia asubuhi na umande, nikatembea taratibu, pua hazitafika thelathini."

"Kwa hiyo miaka yote hii shida ni kunoa visu? Kwa nini hawanoi?"

"Kunoa kunasimamisha mashine siku nzima, na wageni wapo kila siku. Wananoa baada ya wiki mbili, tatu. Lakini wiki hii watataka visu vikali. Meneja, Bi. Nkini, ataniita, najua."

Vaileti alisimama, akaenda mlangoni, akatazama shamba lake. Mahindi yalikuwa yamempita kimo. Siku moja iliyopita yalikuwa yameanza kutoa ndevu, zile nyuzi laini za kijani ambazo bila hizo hakuna punje. Ni wiki mbili tu katika maisha yote ya mhindi, na ni katika wiki hizo mbili ambapo yowe la Zulia liliua.

"Nisikilize, mdogo wangu," alisema bila kugeuka. "Jumatano kata kama unavyokata siku zote. Sikuombi uharibu kitu. Nakuomba usitengeneze."

"Nikikata hivyo, na namba zile, mahindi yenu yatafunga. Ndevu zimetoka! Hamtavuna kitu."

"Tunajua."

"Nani anajua?"

"Jana baada ya ibada tulikaa kikao. Kaya thelathini na nane zimekubali. Mbili zimekataa, nazo tumeziahidi kuzigawia viazi. Msimu mmoja tunautoa, ili tupate miaka ishirini. Unadhani lilikuwa jambo dogo? Mama Tulizo alilia mpaka akatolewa nje. Na bado alirudi akanyoosha mkono."

"Mbegu je?"

"Mbegu ndiyo hiyo iliyoko shambani. Nyingine hatuna." Sasa aligeuka. "Tutaomba mbegu Njombe, tutaomba kwa shemeji, tutaomba popote. Kuomba mara moja si aibu. Wewe umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

"Sikukuuliza hivyo kwa kujifurahisha. Utafanya?"

"Nitakata kama siku zote," Otmari alisema, na alipolisema alimaanisha kabisa, kwa moyo wake wote. Watu wengi wamepotezwa na ahadi walizozimaanisha.

*

Bi. Tabitha Nkini, meneja wa kiwanja, alimwita Jumanne saa nne. Juu ya meza yake palikuwa na sanduku la mbao, refu, lililopakwa grisi pembeni.

"Shikamoo, Mzee Kalinga."

"Marahaba, mama."

"Fungua."

Ndani kulikuwa na silinda mpya ya visu kumi na kimoja na kisu chake cha chini, vimezungushiwa karatasi. Karatasi halisi, ya rangi ya udongo, nyororo. Otmari aliona karatasi kabla ya kuviona visu.

"Vilifika lini?"

"Novemba," alijibu, na hakutazama pembeni. Bi. Nkini hakuwa mtu wa kutazama pembeni. "Nilikuwa naviweka kwa ajili ya siku kama ya kesho. Najua unaona nini, Mzee. Nina watumishi mia moja na ishirini hapa, na zaidi ya nusu wanatoka bonde hilo hilo. Nyasi ikitoka, wageni wanatoka, na watumishi nao wanatoka. Waliotuandikia barua wamelifikiria hilo?"

"Sijui walivyofikiria, mama."

"Na jambo jingine. Mahindi yametoa ndevu, nimeyaona nikipita barabarani. Mimi ni mtoto wa mkulima. Ukikata vizuri kesho na wiki mbili zinazofuata, bonde litavuna. Nitakuachia visu hivi wiki mbili nzima, mpaka hati ya Mamlaka itoke. Huoni kwamba kila mtu atapata?"

Otmari alikipapasa kisu kimoja kwa ubavu wa kidole gumba, kama mtu anavyompapasa ng'ombe anayetaka kumnunua. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kupewa chuma kama hicho.

"Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama," Bi. Nkini alisema na kutabasamu. "Umenielewa, Mzee?"

"Nimekuelewa, mama."

Alilibeba sanduku hadi ghalani, akaliweka chini ya benchi, akalifunika kwa gunia. Silinda ya zamani aliiacha mahali pake kwenye mashine. Karatasi ya kufungia visu aliikunja vizuri akaitia mfukoni.

*

Jumatano umande ulikuwa mzito na ukungu umelala juu ya bonde mpaka usiione hata miti. Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo aitwaye Bw. Shangali, mfupi, mwenye mwendo wa taratibu na koti la mvua lililomzidi. Pamoja naye alikuja Vaileti, kwa kuwa sheria iliwaruhusu walalamikaji kuleta mwakilishi mmoja. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Bi. Nkini naye alikuwepo, na kibao chake cha kuandikia.

Otmari hakupima karatasi asubuhi hiyo. Alijua jibu.

Alianza grini ya kwanza. Mstari wa kwanza, mstari wa pili, na mikononi aliisikia mashine ikitetemeka kama inavyotetemeka visu vinapokwaruza badala ya kukata. Hakutazama nyuma. Harufu ilipanda. Pua ikahesabu mia, mia na hamsini, mia na themanini na saba. Vaileti alikuwa amesimama kando, mikono ameifumbata kifuani, na Otmari aliona midomo yake ikitikisika kidogo kama mtu anayesali au anayezuia kigelegele. Bi. Nkini aliacha kuandika.

Bw. Shangali aliisoma namba, akaiandika, halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alipiga magoti kwenye grini, akainama mpaka shavu likagusa nyasi, akafumba jicho moja akatazama juu ya uso wa nyasi hadi upande wa pili. Kisha akapitisha kiganja, polepole, kwenda na kurudi.

"Nilipokuwa kijana nilibeba mifuko ya wachezaji," alisema akiwa bado chini. "Miaka tisa. Nimetembea grini nyingi. Nani amekata hapa?"

"Mimi," alisema Otmari.

"Wewe ndiye Kalinga?"

"Ndimi."

Mkaguzi alisimama, akajipangusa magoti. Hakuwa na dharau yoyote usoni. Alikuwa na huzuni tu, huzuni ya kweli, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Tulikuwa tunasimuliana habari zako huko pwani. Kwamba kuna mzee nyanda za juu anayekata kwa mkono, na grini zake ukizimwagia maji, maji hayajui pa kwenda." Alitikisa kichwa. "Hii imetafunwa, mzee wangu. Imetafunwa na mbuzi. Pole sana. Miaka haimwachi mtu."

Otmari aliitazama grini. Zile ncha nyeupe, yale mabonge, na ule mstari wa nne uliopinda kwa sababu alikuwa anakata akiwa amegeuza uso. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amemzika mke, alikuwa amezikwa na madeni ya ugonjwa wake, alikuwa amelala njaa kama wenzake wote wa Lufita, na katika hayo yote alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kukitilia shaka. Sasa mtu aliyejua nyasi alikuwa amepiga magoti kwenye kazi yake na kumpa pole.

"Mashine ina hitilafu," alisikia sauti yake ikisema.

Vaileti aligeuza kichwa.

"Hitilafu gani?" aliuliza mkaguzi.

"Silinda. Imelegea. Nipe nusu saa."

"Kanuni inaruhusu. Hitilafu ikithibitishwa, grini hiyo inarudiwa mwishoni."

Aliisukuma mashine kurudi ghalani akitembea haraka kuliko umri wake. Ndani, mikono ilifanya kazi bila kumwuliza. Ililegeza boliti, ikatoa silinda ya zamani, ikavuta gunia, ikaweka ile mpya, ikaikaza robo kwa robo. Kichwani alikuwa na maneno mengi mazuri. Mahindi yametoa ndevu. Mama Tulizo alilia. Zile kaya mbili zilizokataa, nani aliwatetea? Bonde litavuna. Kila mtu atapata. Aliyapanga maneno hayo moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Akatoa mfukoni ile karatasi nyororo ya rangi ya udongo, akachana ukanda, akauchomeka, akazungusha. Karatasi ilianguka vipande viwili bila sauti. Otmari Kalinga akatabasamu. Baadaye, katika siku zote alizobakiwa nazo, alikuwa tayari kujisamehe mengi ya asubuhi hiyo, isipokuwa lile tabasamu.

Grini ya pili ilisema ishirini na tisa. Ya tatu ishirini na sita. Alikata kama hajawahi kukata, mistari imenyooka, kingo zimefungwa kwa mzunguko mmoja tu mwepesi ili zisichubuke, na vipande vya nyasi vilidondoka kikapuni vikiwa laini kama unga. Bw. Shangali alitembea nyuma yake kimya, na kwenye grini ya tano akacheka kwa furaha, akasema, "Kumbe ni kweli!" Bi. Nkini alirudi kuandika.

Kati ya grini ya tano na ya sita Vaileti alimsogelea. Hakupandisha sauti.

"Otmari," alisema.

Tangu walipokuwa watoto hakuwahi kumwita hivyo. Ilikuwa mdogo wangu, au ilikuwa wewe mjinga, au lile jina la babu alilopewa nyumbani. Vaileti alitembea nao grini zote zilizobaki, mpaka ya kumi na nane, na ile ya kwanza iliyorudiwa jioni yowe lake lilipokwisha kupeperuka. Alipopewa fomu kwenye kibao atie sahihi kwamba ameshuhudia wastani wa ishirini na nane, aliitia kwa mwandiko wake ule mzuri, akarudi bondeni kwa miguu.

*

Hati ya Mamlaka ilitoka siku ya kumi na tatu. Kibali cha miaka ishirini, pamoja na barua ya pongezi kwa ubora wa uso wa grini, jambo ambalo halikuwahi kutokea nchini. Bi. Nkini aliisoma mbele ya watumishi, wakapiga makofi. Siku ya kumi na tano mtu wa ghala alikuja na sanduku la mbao.

"Meneja amesema virudi ndani," alisema. "Mpaka ukaguzi mwingine."

"Lini huo?"

"Si wamesema miaka ishirini?"

Otmari alirudisha silinda ya zamani. Tena alikuwa amepata kazi nyingine kidogo: vijana wawili wa kuwafundisha, kwa sababu kilima cha pili kilikuwa kimeanza kupimwa kwa kamba na vigingi, nacho kitahitaji wakata nyasi wake. Hakwenda kwa dada yake. Kila Jumapili alisema atakwenda, na kila Jumapili alipata jambo la kufanya.

Wiki ya nne, Jumamosi mchana, alikuwa ameketi mlangoni kwake akichana kanda za wiki ijayo, aliposikia watu wanakuja. Walikuwa wengi. Walipanda njia ya bondeni mmoja nyuma ya mwingine, wanawake na wanaume. Mbele alikuwa Vaileti na kitenge chake cha kanisani. Otmari alisimama, madaftari yakamwanguka miguuni.

"Kamwene, dada."

"Kamwene."

Alikuwa ameshika hindi bichi. Alilimenya pale pale, akatupa maganda, akalinyoosha mbele ya macho ya mdogo wake. Mistari kumi na minne, imejaa toka kitako hadi ncha, punje nene zinazong'aa, hakuna pengo hata moja. Miaka minne hakuna mtu wa Lufita aliyekuwa ameona hindi kama hilo.

"Kaya thelathini na nane," Vaileti alisema. "Kila kaya imekuletea moja. Zile mbili nimeziambia zibaki nyumbani, hazina neno na wewe."

Aliliweka hindi juu ya kizingiti. Akafuata Mama Tulizo, akaweka lake, naye hakumtazama. Akafuata mzee wa kanisa, akafuata mwingine, na mwingine. Waliyapanga vizuri, kama watu wanaopanga sadaka. Hakuna aliyetukana. Laiti wangetukana, angepata la kujibu.

"Dada, nilidhani…" alianza. "Mahindi yalikuwa yametoa ndevu. Niliwaonea huruma."

"Ulituonea huruma?"

Otmari alifungua kinywa. Alimwona yule mkaguzi amepiga magoti, shavu kwenye nyasi. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mtamu, na wenye nusu ya ukweli ndani yake, lakini macho ya dada yake yalikuwa yale yale yaliyomfundisha kusoma.

"Hapana," alisema. "Niliona aibu. Alisema nimekata vibaya."

Vaileti aliitikia kwa kichwa polepole, mara moja, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe. Akainama, akaokota daftari moja miguuni pa Otmari. Lilikuwa la Kiswahili, darasa la tano, jina la Vaileti juu ya jalada. Lilibaki na kurasa chache. Alilifunua, akasoma mstari mmoja wa insha, akalifunga, akaliacha mikononi mwa mdogo wake.

"Choma ule," alisema. "Usitupe hata moja. Chakula hakitupwi."

Walishuka kama walivyopanda. Otmari aliwasha jiko la mkaa, akachoma lile hindi la kwanza, akiligeuza mpaka punje zikaanza kupasuka na harufu yake kujaa ua. Kule juu, wale vijana wake wawili walikuwa wanakata grini za jioni, kwa sababu kulikuwa na wageni, na kwa visu vile vya zamani ambavyo alijua bado havijanolewa. Upepo ukageuka na kuanza kuteremka, na ile harufu nyingine ikapita mlangoni kwake kwenda chini, tamu vile vile.

Aliketi akalila hindi lote, mstari kwa mstari, mpaka gunzi. Lilikuwa tamu sana. Kisha akachukua la pili.